Gari Lililofia Kitonga Linadaiwa Maegesho Mbeya

Leo asubuhi simu yangu imepokea ujumbe unaonitaka nilipe deni la maegesho ya gari langu, na kwa kuwa mimi ni raia mwema nimeusoma hadi mwisho, nikakuta kwamba gari hilo limeegeshwa mjini Mbeya. Naomba ieleweke kwamba gari hilo ni marehemu. Lilifia mlima Kitonga, mkoani Iringa, likaagwa Ilula, na mara ya mwisho nilipoliona halikuwa na injini wala milango, na boneti yake ilikuwa imebebwa kichwani na kijana mmoja aliyeelekea upande wa sokoni. Tangu mwaka 2017, Serikali ilipofuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na badala yake kuongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, nimekuwa nikiamini kwamba gari lisilokunywa mafuta halidaiwi na mtu. Nimepiga simu kueleza hayo, na sauti ya upole imenijibu kwamba, ili deni lifutwe, nilete gari likaguliwe.

Waliowahi kupanda Kitonga nyuma ya lori la mafuta linalokwenda Tunduma hawahitaji maelezo, na wasiowahi waendelee kumshukuru Mungu. Gari langu lilikuwa namba B, yaani la usajili wa zamani, na mshale wa joto ulipofika mwisho lilitoa mvuke, likakohoa, likanyamaza kwenye kona. Utingo wa lori moja alikata matawi, akayapanga barabarani nyuma yangu, akanipa pole ya msiba, akaondoka. Fundi wa Ilula alichomoa kijiti cha kupimia oili, tukaiona imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, naye akatikisa kichwa: gasketi imekwenda, kichwa cha injini kimepinda, na spea zitoke Dar es Salaam. Mwenye gari la kukokota alinitajia bei ya kunirudisha nyumbani, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, nami nikamwuliza kama bei hiyo ni pamoja na kuninunulia gari jingine. Shemeji yangu alinishauri kwa simu nisiuze kwa haraka. Nililala nyumba ya wageni kwa baridi isiyo na adabu, nikiwa nimemlipa mlinzi alitazame gari, na kulipokucha mlinzi alikuwepo ila vioo vya pembeni havikuwepo.

Ndipo akaja mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye mizani ya kuning'iniza begani na msaidizi mwenye daftari la shule, na nyuma yao wakafuata wauza nyanya wote ambao asubuhi hiyo hawakuwa na wateja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Alilizunguka gari taratibu bila kuligusa, kisha akagonga bampa kwa kidole. “Plastiki. Toa.” Msaidizi akaandika. Akafungua mlango, akabonyeza kiti. “Sponji. Toa.” Vioo ni vioo, vikatolewa. Matairi ni mpira, yakatolewa, isipokuwa la akiba ambalo nilikuwa nimelikalia. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kikao cha harusi, kama usukani nao hauna heshima yake. Akanijibu kwamba usukani ni plastiki yenye chuma kidogo ndani, na hicho kidogo atakihesabu kwa kuniheshimu. Rejeta ikaonekana kuwa alumini, nayo alumini ina bei nzuri, lakini siku hiyo alikuwa hanunui alumini. Nilitoa kadi ya gari, nikamwonyesha palipoandikwa uzito, naye akaisoma kwa makini na kunirudishia kwa mikono miwili. “Huo ni uzito wa gari, mzee. Mimi nanunua chuma.”

Ilula haiko mbali na Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 jeshi la Mkwawa lilimwua kamanda wa Wajerumani, Zelewski, na kuwatawanya askari wake pamoja na bunduki zao. Wazao wa watu hao ndio waliokuwa wamenizunguka wakila karanga. Nilikuwa na nafasi gani, mimi na gasketi yangu?

Hata hivyo nilivumilia hadi alipoinama chini ya mlango, akakwangua kwa ukucha, akampulizia msaidizi wake unga mwekundu. “Kutu,” alisema. “Toa.”

“Kutu si chuma?”

“Kutu ni chuma kilichokwisha kuondoka, mzee.”

Hapo nikausahau umri wangu. Nilimwambia, mbele ya wanawake na watoto, kwamba kama ni hivyo atoe pia kivuli cha gari, atoe na mavumbi niliyoyabeba kutoka Mbagala, atoe na upepo uliomo kwenye matairi. Umati ukanyamaza, nami nikadhani nimeshinda.

“Matairi tulishatoa, mzee,” alisema msaidizi, akiangalia daftari.

Bei tuliyofikia sitaitaja, kwa kuwa mke wangu anasoma. Niliipokea, nikaihesabu, ndipo nikajulishwa kwamba gari zima haliwezi kuning'inia kwenye mizani, hivyo ni lazima likatwe, na kwamba kwa desturi gesi ya kukatia ni juu ya muuzaji. Nikairudisha nusu. Wakati wa kukata, kijana wa gesi alianza kwa kufungua vibao vya namba, ambavyo ni alumini, na kwa kuwa alumini ilikuwa hainunuliwi siku hiyo, alivitia kwenye mfuko wake bure, bila kitu kuandikwa daftarini. Sasa mimi nilete gari gani likakaguliwe? Nizunguke Iringa nzima nikikusanya boneti, milango na injini, nivipange mbele ya kaunta, nimwombe mkaguzi avitambue kimoja kimoja?

Nilipanda basi la kurudi nikiwa na jeki na tairi la akiba. Konda aliniuliza kama tairi ni abiria au ni mzigo, na baada ya mabishano marefu likalipa kama mzigo na kusafiri kama abiria, magotini pangu, hadi Dar es Salaam. Tulipopita Mikumi watu wote walisimama kutazama twiga. Mimi nilitazama mpira. Tairi lenyewe lipo sebuleni, ringi 14, halijawahi kukanyaga lami. Anayelihitaji aje, bei ni maelewano, ila asije na mizani.