Methanoli isiyosubiri nyota
Makala moja kuhusu kemia ya anga inadai kwamba molekuli zikishaganda juu ya chembe za vumbi la angani hubaki hapo mpaka nyota changa izipashe joto. Kwa sehemu kubwa ya barafu ya maji ni kweli, lakini katika kiini cha wingu la gesi na vumbi liitwalo L1544, katika kundinyota la Taurus, ambako nyota haijazaliwa na baridi hukaribia nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri, methanoli (aina ya alkoholi) imeonekana ikiwa gesi, ilhali hutengenezwa juu ya vumbi lenyewe, atomu za haidrojeni zinapojiunga moja baada ya nyingine na monoksidi ya kaboni iliyoganda. Lazima kuna kinachoibandua: ama miale ya kosmiki (chembe zenye nishati kubwa zinazopita angani) inayoipasha chembe ya vumbi ghafla, ama nishati ya mmenyuko wa kikemia inayoirusha molekuli pale pale inapoundwa. Mimi naelemea hilo la pili. Wenzangu mnaofuatilia kemia ya anga mnaonaje?