Mji unatanuka, njia zinaishia ukutani

Nakaa Goba, pembezoni mwa Dar. Nikisimama uani naliona paa la zahanati ng'ambo ya korongo, kwa miguu dakika kumi kama hakuna mvua, ila ukiwa na mgonjwa kwenye bajaji inabidi utoke mpaka lami, uzunguke, uingie tena upande wa pili, nusu saa hiyo na foleni haijakukuta. Zamani kulikuwa na njia inashuka kule chini, akauziwa mtu, akapiga ukuta, na dalali aliyemuuzia alijua kabisa watu wanapita pale.

Watu tunalalamika Dar imekuwa kubwa mno, na kweli, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, watu wanajenga Kibamba, Madale, Chanika huko na kazini bado ni Posta, katikati ya mji. Ila mimi nasema kinachotuumiza zaidi ni jinsi tunavyouziana mashamba. Mtu ana eka moja anaikata viwanja vya 20 kwa 20, kila mnunuzi anaachiwa kanjia ka kufikia kwake basi, huyo wa shamba la jirani atatokea wapi hakuna anayewaza. Matokeo yake unaingia mtaani unaishia kwenye geti la mtu, na magari yote lazima yarudi Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo hata kama unaenda mtaa wa pili tu, halafu tunataka foleni iishe kwa kuongeza leni!

Nenda Kariakoo uone, mitaa imenyooka inakatana, mchoro wa tangu enzi za Mjerumani, mmoja ukifungwa unakata kona inayofuata unatokea. Au Sinza, miaka ya 1970 viwanja vilipimwa na barabara zikaachwa kabla watu hawajajenga, tena mradi ule ulilenga watu wa kipato cha chini, na mpaka leo Barabara ya Shekilango ikikwama unapita ndani.

Huku kwetu upimaji unakuja nyumba zishasimama, ndo urasimishaji huo, mpimaji anafuata kuta zilivyo na kupata barabara inabidi kila mtu aachie kipande cha eneo lake, mmoja akigoma imeisha hiyo.

Jumapili tuna kikao cha mtaa. Mimi nishawaambia natoa mita 2 upande wangu, ukuta nitauvunja kwa hela yangu, bado majirani watatu wa kule chini.