Gia iliyokerezwa karakanani: bidhaa au matengenezo?

Tuseme gia ya kinu cha saruji kule India imelika meno. Kiwanda hakiagizi nyingine. Kinatoa mabamba ya chuma stoo, mafundi wa karakana yake wanakata, wanachomelea, wanakereza, na kinu kinazunguka tena. Je, gia hiyo ni bidhaa mpya, au ni matengenezo tu?

Kwetu ushuru wa bidhaa tunaujua zaidi kwa bia, sigara na soda. India, chini ya sheria ya 1944, uligusa karibu kila kitu kinachotoka kiwandani. Ili ushuru usitozwe juu ya ushuru, tangu 1986 viwanda viliruhusiwa kukata, kutoka ushuru vinaodaiwa, ule uliokwisha kulipwa kwenye malighafi. Mzozo ulianzia hapo.

Afisa wa ushuru akiitazama gia husema: ina jina lake, ina kazi yake, ukiipeleka sokoni inauzika, basi imezalishwa na ilipiwe. Kiwanda hujibu kwamba kilikuwa kinakarabati. Ukija upande wa makato, kila mmoja anahamia hoja ya mwenzake. Kiwanda kinadai kimezalisha kipuri cha mtambo, kwa hiyo kikate ushuru wa yale mabamba. Afisa anasema huo ni ukarabati, chuma hakikuingia kwenye saruji. Hapo nalaumu pande zote mbili, lakini serikali zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoandika kanuni. Kazi moja ya fundi haiwezi kuwa uzalishaji wakati wa kulipa na ukarabati wakati wa kukata.

Msamaha wa 1995 kwa mitambo na vipuri vinavyotengenezwa na kutumika ndani ya kiwanda kilekile ulipunguza makali ya nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilibaki kwa mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikiruhusu kiwanda cha nguo cha Rajasthan kukata ushuru wa chuma kilichojengea bomba la moshi la jenereta, kwa kuangalia chuma kimetumika wapi. Mwaka 2011, katika kesi ya kampuni ya Grasim, ilikataa ushuru kwenye chuma chakavu kilichotokana na kukarabati mitambo ya saruji: kuchakaa kwa mashine si kuzalisha. Kwenye elektrodi za kuchomelea, hata hivyo, Mahakama Kuu ya Rajasthan ilikubali makato, ya Andhra Pradesh ikayakataa. Elektrodi zilezile, kazi ileile, haki tofauti kwa kuvuka mpaka wa jimbo.

Hofu ya maafisa si ya kupuuzwa. Bamba la chuma halina alama ya kuonyesha linakwenda wapi. Nusu yake inaweza kuwa gia, nusu ikawa geti au paa la banda. Ndiyo maana naona marekebisho ya 2009, yaliyozuia makato ya saruji na vyuma vya kujengea mabanda na misingi, yalikuwa na busara. Ya 2011, yaliyopanua tafsiri ya malighafi hadi karibu bidhaa zote zinazotumika kiwandani, nayo yalikuwa ya haki: kiwanda kikinunua gia dukani kinakata bila ubishi, basi kwa nini kinachojitengenezea kiadhibiwe?

Kodi mpya ya bidhaa na huduma ilianza tarehe 1 Julai 2017, lakini mafaili ya zamani hayakufungwa. Mwaka 2019 waziri wa fedha alieleza kuwa zaidi ya rupia trilioni 3.75 zimenasa katika kesi za aina zote za ushuru wa bidhaa na kodi ya huduma, na serikali ikaanzisha mpango wa kuzimaliza kwa kusamehe sehemu ya deni.

Sehemu ya kesi hizo ingeishia karakanani kama kila kazi ingekuwa na kadi yake: kilo zilizotoka stoo, mashine iliyofungwa kipuri, kilo za vipande vilivyobaki. Jukumu hilo naliweka kwa kiwanda. Afisa mwenye shaka angeanza na mzani.