Trauti alifika miaka miwili baada ya chai

Mwambie Mnairobi kwamba Jumamosi unaenda mlimani kuvua samaki aitwaye trauti, halafu umtazame usoni. Asipokuuliza umeanza uzungu lini, atakuuliza kama mambo hayo si ya matajiri. Mwingine atakukumbusha kwa upole kwamba samaki wapo soko la Gikomba, tena wameshaparwa magamba. Kucheka nacheka nao, ila hoja yenyewe siikubali hata kidogo.

Chanzo cha maneno hayo nakijua. Trauti wa kwanza waliletwa nchini mwaka 1905 na Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, aliyeagiza mayai yao kutoka Uskoti na kuwaweka katika mto Gura, milima ya Aberdare. Ndiye Grogan huyo huyo ambaye bado tunamtaja kila tunapopeleka gari "Grogon" kutafuta vipuri. Na ndiye aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Barabara iliyobeba jina lake sasa inaitwa Kirinyaga, jina la Mlima Kenya kwa Kikuyu, jambo linalonifurahisha kila nikipita pale hata kama nimekwama kwenye foleni. Kwa hiyo anayesema mchezo huu uliingia nchini kwa mlango wa dharau hasemi uongo.

Lakini chai nayo? Ilipandwa Limuru mwaka 1903, na walowezi hao hao. Mahindi yalitoka Amerika. Sijawahi kumwona mtu wa Kayole akinywa chai ya saa moja asubuhi huku akihofia kwamba anaiga wakoloni. Chai tuliichukua, tukaichemsha na maziwa na tangawizi, ikawa yetu. Trauti tumemwachia mgeni, ingawa wamepishana na chai kwa miaka miwili tu.

Samaki huyu anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Joto la maji likipita nyuzi 20 anaanza kutaabika, ndiyo maana hapa kwetu kwenye ikweta humpati isipokuwa juu: mito ya Aberdare, mito ya Mlima Kenya, na maziwa machache ya mlimani kama Ellis, Alice na Rutundu. Rutundu ilipata umaarufu kwa sababu Mwanamfalme William na Kate walikaa huko Oktoba 2010, safari ya ile posa yao, na nadhani habari ile iliongeza imani kwamba mahali pale si pa mtu wa kawaida. Mimi napenda Ellis. Iko upande wa Chogoria, mashariki mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara mbovu inakufikisha karibu kabisa bila kuupanda mlima kwa miguu kutwa nzima.

Uzuri wa Ellis ni asubuhi, kabla mawingu hayajapanda kutoka bondeni. Usiku kunakuwa na baridi ya kugandisha umande kwenye nyasi. Jua likitoka maji yametulia na ni maangavu, unaona kokoto za chini. Hapo ndipo mgeni anapokosea, kwa sababu akiona kokoto anasahau kwamba samaki naye anamwona. Jezi nyekundu iache nyumbani. Usisimame ukingoni ukipiga picha huku kivuli chako kimelala juu ya maji. Chuchumaa, jikalie kimya nyuma ya nyasi, utazame kwanza.

Mtoni trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja chakula kimfuate. Ziwani hakuna mkondo wa kumletea, kwa hiyo anazunguka mwenyewe, mara nyingi karibu na ukingo kuliko mtu anavyodhani. Upepo ukivuma husukuma wadudu walioanguka majini hadi ng'ambo, na samaki huwafuata. Wavuvi wengi hupenda kusimama upande uliokingwa na upepo kwa sababu kurusha ni rahisi. Chakula kiko upande ule mwingine unaokupiga baridi usoni, na ukitaka samaki itabidi uende huko.

Chambo chenyewe ni nzi bandia, ndoana ndogo iliyovikwa nyuzi na manyoya. Hana uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na mzito makusudi, naye nzi anavutwa nyuma yake. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke wote hewani, ndipo unaurudisha mbele. Kile kitendo cha kungoja ndicho kigumu kwetu watu wa mjini. Tunarusha mshipi kama makanga anayegonga bati la matatu, kwa fujo na haraka, na mshipi unaanguka majini umejikunja. Nguvu haisaidii chochote hapa. Nimeona wanaume wa misuli wakishindwa siku nzima, na msichana mwembamba akiweka nzi wake polepole pale alipotaka.

Tena hao nzi wanafungwa hapa hapa! Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi wa kuvulia kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na ni kazi ya mikono ambayo mafundi wake wapo hadi Nairobi: jiliwa dogo juu ya meza, uzi mwembamba, manyoya ya shingo ya jogoo, macho makali. Nimewahi kuzungumza na mama mmoja anayeifanya. Anatambua kwa kutazama tu nzi wa maji ya kasi na nzi wa maji yaliyotulia, lakini hajawahi kumwona trauti akiwa hai. Jambo hilo linaniudhi kuliko bei ya kiingilio cha hifadhi. Mtu anatengeneza chambo kitakachotumiwa na mstaafu huko Uingereza, na maji ya trauti yapo mwendo wa saa chache kutoka mlangoni kwake.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka Mnairobi mlimani, nayo inahusu bomba lake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na bwawa hilo linalishwa na mito inayoshuka kutoka msitu wa Aberdare. Huko juu mito hiyo ni ya trauti. Jike hutaga mayai kwenye changarawe safi ambamo maji hupenya. Msitu ukikatwa, mvua inateremsha udongo, udongo unaziba changarawe, na mayai yanakosa hewa. Mvuvi anayerudi kwenye kidimbwi kile kile kila msimu ataliona hilo mapema. Sisi wa Umoja na Embakasi tutaliona mgao wa maji ukizidi, tutalaumu kampuni, tutanunua mitungi.

Tazameni msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi. Kuna wakati watu walikuwa wakiogopa hata kupita kando yake. Leo Jumapili haina pa kuegesha gari, na akitokea mtu wa kutaka kumega hata kipande, kelele zinaanza kwa wakimbiaji na akina mama wa mandazi na pikiniki kabla wanaharakati hawajavaa viatu. Nautaka umati kama huo kwa mto Chania, unaoshuka kutoka Aberdare.

Wapo watakaosema trauti ni mgeni na anakula wadudu na viumbe wa asili. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sitaki apandikizwe katika ziwa au kijito kingine chochote ambako hayupo. Pale alipokwisha kukaa karne nzima, tumvue. Mdogo arudishwe majini kwa mikono iliyolowa, mkubwa apelekwe kwenye sufuria: chumvi, ndimu, mafuta ya moto, ugali. Michuzi ya krimu waachieni mahoteli.

Ninachowaomba wenye mamlaka si kikubwa. Leseni ya kuvua ipatikane pale pale langoni pamoja na kiingilio. Fimbo na mishipi vikodishwe Chogoria na Naro Moru na vijana wa huko, ambao tayari wanaongoza wapanda mlima na wanaijua njia. Vikundi vya shule vilivyokwisha kufika hadi langoni viruhusiwe kujaribu kurusha.

Nawe usingoje hayo yote. Matatu za Chogoria zinapitia Embu na Chuka, na ukifika mjini utapata Land Rover kuukuu za kukupandisha hadi langoni. Mkishirikiana watu wanne au watano nauli inashuka vizuri. Lala usiku mmoja pale langoni kwanza, maana kichwa kinauma ukipanda haraka, na beba soksi zaidi ya ulizodhani zinatosha.