Mchoro wa mtu wa kazi: uonyeshe mgongo au uso?

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu wasanii wa kuchapa, wale wanaochonga picha kwenye bamba kisha wanaichapa kwenye karatasi, waliochora watu wa kazi ngumu, je waliwapa heshima ama waliwafanya wa kuhurumiwa tu. Mi naanza na Käthe Kollwitz, Mjerumani, mumewe alikuwa daktari wa maskini pale Berlin kwa hiyo hao wafanyakazi walikuwa wanapita mlangoni kwake. Mfululizo wake wa Vita vya Wakulima, yaani wakulima wa Ujerumani walivyoasi mabwana zao miaka ya 1524 na 1525, aliumaliza 1908, picha 7, ya kwanza wanaume wawili wanavuta plau wenyewe, mikanda imewabana, wameinama mpaka karibu walale chini. Nyuso huzioni vizuri. Wanaompinga wanasema hapo mtu kageuzwa ng'ombe, alafu tajiri anaitundika sebuleni, anasikitika kidogo, maisha yanaendelea. Hoja ina uzito jamani.

Sasa mwangalie Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi, bibi na babu zake walizaliwa utumwani, akaenda Mexico 1946 akafanya kazi na Taller de Gráfica Popular, karakana ya wasanii wa huko wanaochapa picha za watu wa kawaida. Picha yake ya 1952 ni mama mkulima, wale wa kulima shamba la tajiri kisha mavuno mnagawana. Hakuna jembe wala pamba, ni kofia pana ya majani, koti limeshikizwa na pini, na uso tunautazama kutokea chini kama wa mtu mkubwa. Kachonga kwenye linoleamu, ile ya kutandika sakafuni, rahisi, nakala nyingi, watu wa kawaida wazipate. Heshima ipo tele, ila kazi yenyewe iko wapi, nani anamdai huyu mama, nani anapima mavuno yake? Ile pini ndo inajibu kidogo, inaonyesha hali yake ya umaskini, bila hiyo ingekuwa sura nzuri tu.

Kwangu mimi Kollwitz anaonewa. Ule mgongo ni chanzo, ukiendelea mbele unamkuta mwanamke ananoa fyekeo, watu wanabeba silaha, alafu mama kanyoosha mikono juu anawahimiza wavamie. Mwisho wanashindwa kweli, kama ilivyokuwa 1525, hakuwadanganya watu kwa ushindi wa uongo. Shida inakuja ukichomoa ile ya plau ukaitundika peke yake, hapo ndo wanabaki ng'ombe, na hilo ni kosa la anayetundika. Zikiwekwa zote 7 ukutani kwa mpangilio wake, ile lawama ya huruma sioni itasimama wapi.