Tubishe hodi kwa jirani kabla ya kufungua kituo kingine cha lugha

Mtu akitaka kufundisha lugha ngeni mtaani hapa Zanzibar, jambo la mwanzo analolifikiria ni kukodi chumba. Naona hapo ndipo tunapokosea. Kodi inakula ada yote, mwalimu halipwi, anakwenda zake kufanya kazi hotelini na darasa linakufa. Vyumba tunavyo kwa majirani: chuo cha Kurani kinachosomesha asubuhi ni kitupu jioni, na skuli yenye mikondo miwili nayo huwa imeshatoa watoto.

Hazina kubwa zaidi ni wanafunzi wa chuoni wenyewe. Mtoto aliyekhitimu msahafu anazijua herufi zote 28 za Kiarabu na anazitamka barabara. Kumrudisha kwenye alifu na be ni kumchosha bure. Kinachomkosekania ni maana na mazungumzo. Aanzie salamu, kuuliza bei, kuelekeza njia. Maandishi yawe na irabu zote, fat-ha, kasra na dhuma, kama alivyozoea. Kisha zipunguzwe kidogo kidogo, kwanza kwenye maneno aliyokwisha kuyazoea, mpaka zibaki pale tu neno linapoweza kusomeka kwa namna mbili. Ukimtupia gazeti siku ya kwanza atakwama, kwa sababu magazeti hayatii irabu, naye atadhani hajui kusoma kabisa. Ustadhi na mwalimu wa lugha wakikaa pamoja kupanga hili, miezi ya mwanzo inaokolewa.

Kwa Kiitaliano na Kifaransa, jirani wa kubishiwa hodi ni hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Darasa lianze Aprili, masika yakishika na wageni wakipungua. Likianza Julai, wafanyakazi wataingizwa zamu na viti vitabaki vitupu. Wanafunzi 15 wanatosha, siku tatu kwa wiki, saa kumi na robo hadi saa kumi na moja na nusu, ili wasichana wawahi nyumbani kabla ya magharibi. Wapangwe kwa viwango vyao kwa kuzungumza nao dakika tano kila mmoja. Vyeti vinadanganya.

Mjini tuna TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa 1978 na sasa imo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inayofundisha wageni Kiswahili. Mgeni anataka mtu wa kuzungumza naye, na kijana wetu vilevile. Wakutanishwe, lakini kwa saa ya mezani: nusu saa Kiswahili, nusu saa lugha ya mgeni. Bila hivyo Kiingereza kinameza saa nzima na hakuna aliyepata alichokijia.

Na mwalimu asimkataze mtoto wa Makunduchi au Micheweni kusema kwa lahaja ya kwao anapouliza swali. Kanuni ya lugha ngeni hueleweka haraka katika lugha ya nyumbani.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awe shahidi: nani analipa umeme, nani anafagia, kiti kikivunjika anatengeneza nani. Ufunguo uwe kwa watu wawili, maana mwenye nao akisafiri, darasa zima hurudi majumbani. Kwa Pemba, iandikwe tangu mwanzo kwamba msimu wa karafuu darasa linasimama, na ada ya wiki hizo haidaiwi.