Mtandao wa mashine pepe ukigoma: tuhame, au tutafute kosa kwanza?

Saa tatu usiku umeme uliporudi hapa Kamalondo, Lubumbashi, seva yangu ya nyumbani iliwaka vizuri. Lakini mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva) ya Windows inayotunza hesabu za duka la mke wangu haikupata mtandao. Anwani yake ilianza na 169.254: iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Mafundi wenzangu walikuwa na jibu moja tu: achana na ESXi, haipavaiza ya VMware (yaani programu inayoendesha mashine pepe), hamia Proxmox, nyingine ya aina hiyo.

Ushauri huo una uzito. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Ilirudishwa Aprili 2025, lakini aliyewahi kufungiwa mlango mara moja ana haki ya kutafuta nyumba nyingine. Tena, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, ESXi iliacha viendeshi (programu zinazowezesha vifaa kufanya kazi) vya zamani vilivyotokana na Linux, na kadi za mtandao za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za bei nafuu zikawa hazitambuliwi. Proxmox imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na hutumia KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, kwa hiyo kadi hizo kwa kawaida hazina shida nayo.

Hata hivyo, usiku ule kuhama kusingenisaidia chochote. Nilipiga magoti nyuma ya meza, nikamulika swichi ya mtandao kwa simu. Taa ya tundu la tatu ilikuwa imezimika. Umeme uliporudi kwa nguvu ulikuwa umeliua tundu hilo. Nikahamishia waya wa seva tundu la tano, mashine ikapata anwani.

Jirani yangu yeye alihama kweli, akatumia megabaiti zake kupakua Proxmox, akaiweka kwenye laptopu iliyounganishwa kwa Wi-Fi. Mashine zake pepe zikakosa mtandao vilevile. Kisa ni kwamba kwenye Wi-Fi, ruta hupokea data kutoka kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kifaa kilichojiunga tu, na daraja linalounganisha mashine pepe na mtandao hujaribu kupitisha anwani nyingine kadhaa nyuma yake. Hapo dawa ni waya, au NAT, ambapo mashine zote pepe hutoka kwa anwani moja ya laptopu. Haipavaiza haina kosa.

Na kuhama kwenyewe huzaa matatizo mapya ya mtandao. Mashine ya Linux iliyozoea kuita kadi yake ya mtandao ens160 kwenye ESXi, ikifika Proxmox mara nyingi huikuta inaitwa ens18, na faili la mipangilio bado linataja jina la zamani. Windows nayo huhitaji viendeshi vya virtio ukiipa kadi ya mtandao au diski pepe za aina hiyo, zinazotumika kwenye Proxmox. Ni afadhali uvisakinishe kabla ya kuihamisha.

Mimi nitahama, kwa sababu ya leseni. Nitaanza na mashine ya kamera. Ile ya duka itabaki ilipo mpaka hesabu za mwezi zifungwe na nakala yake iwe kwenye diski ya pembeni.